Ukurasa wa Kumi na Tisa

Neno changamoto nimelifuta mara nne usiku huu
na mara nne limerudi lenyewe,
kama paka wa jirani aliyezoea dirisha.
Ni neno pole. Halimchomi mtu.
Ukilitia kwenye ripoti, nyumba iliyoungua
husomeka kuwa ilipata joto.

Kesho saa nne, Moshi mjini, ghorofa ya pili
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
nitaketi mbele ya Bi Aikande
aliyeacha kazi benki, akajenga majiko
kwa sababu mama yake alikohoa jikoni miaka tisa
hadi akanyamaza.
Nimwambie: majiko mia tatu na kumi na mawili.
Yanayowaka, arobaini na moja.

Nimejaribu kuanza na mazuri.
Mazuri yapo. Mafundi walilipwa kwa wakati.
Matofali ni imara, tena imara kweli:
kwa Mama Ndeonansia, kule Uru, kuku ametaga humo
mayai kumi na moja, na hakuna aliyemsumbua.

Taarifa za nyuma zilisema asilimia tisini.
Zilikusanywa siku za wageni,
siku ambazo ua hufagiliwa na kuni hupasuliwa mapema.
Mimi nilikwenda Jumanne, bila kupiga simu,
masika yameufanya udongo sabuni,
nikaingiza mkono jivuni.
Baridi.
Hatua tatu pembeni, mafiga ya zamani
na moshi wake ule ule,
ndizi za watu wanane na chakula cha nguruwe
vikitokota kwa zamu.

"Jiko ni zuri, mwanangu," alisema yule mama,
"ila mdomo wake ni wa sufuria ya mjini."
Kisha akanishika kiwiko:
"Usimwambie ni mimi.
Siku ya kutukabidhi, alilia."

*

Kwetu, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale.
Unalifunga fundo, unasimama mlangoni,
hamhitaji maneno mengi.
Asubuhi nilipita kwenye ua, nikachuma moja,
nikalitazama, nikaliacha juu ya ukuta.
Nimekosa nini? Nilihesabu tu.
Mbona basi mkono ulichuma?

(Mlima ulikuwa umejifunika. Nauacha hivyo hivyo.
Si kila kilichofichwa nimelipwa kukifunua.)

Chai ya maziwa ilikuwa tayari mezani.
Nikasema yote kwa sentensi mbili
kabla sijavua koti,
maana nilijijua: nikishakaa, nitaremba.

Hakulia. Aliuliza, "Nani kakwambia?"
Nikasema, "Jivu."
Akacheka kidogo, kicheko kisicho na mwenyewe,
akafungua ripoti, akapita majedwali,
akapita picha ya fundi mwenye kofia ya sufi,
akasimama penye ukurasa wa kumi na tisa.
Huko chini pikipiki ilikataa kuwaka.
Ikapigwa tena. Ikakataa tena.

"Ningependa uniambie umekosea," alisema.
"Hata mimi," nikajibu,
na hilo ndilo neno pekee siku ile
ambalo sikuwa nimeliandaa.

Kisha, si kwangu hasa, akauliza:
"Vyungu vyao. Vina upana gani?"

Kurasa arobaini na mbili.
Wanawake sitini na wanane walihojiwa,
umri wao ninao, idadi ya watoto ninayo,
umbali wa kuni kwa dakika ninao.
Chungu sikupima.
Nilimwambia hivyo. Chai ilikuwa imeshika utando.

Malipo ya awamu ya mwisho hakuyataja,
nami sikuyauliza.
Alitandaza kiganja juu ya karatasi,
kidole gumba penye arobaini na moja,
kidole cha mwisho kikavuka pambizo
hadi kwenye mbao za meza.
Akakihamisha kiganja, akapima tena nusu.

"Cha mama," alisema, "kilikuwa hivi."